AFCON 2027 na sisi majirani wa Namboole: kabla hujakopa, soma hapa

Tangu CAF ilipotangaza Septemba 2023 kwamba Kenya, Uganda na Tanzania ndizo wenyeji wa AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, huku kwetu Kireka na Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala karibu na uwanja wa Mandela tunaouita Namboole, kila mwenye kipande cha ua amegeuka mwekezaji. Huyu anataka kupandisha ghorofa, yule anavunja vyumba vyake vya wapangaji ajenge vyumba vya wageni vyenye choo ndani. Vijana wa boda wanatafuta mkopo wa pikipiki ya pili. Mimi nina vyumba vichache vya kupangisha na kibanda cha rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kwenye njia ya kwenda uwanjani, basi swali halinipiti: "Mama, wewe ulifanya kazi wakati wa CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, sisi tufanye nini?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Waliojaza Namboole wakati wa CHAN hiyo, Agosti 2025, wengi hawakutoka mbali. Walitoka Ntinda, Kawempe, Nansana, Mukono. Mtu wa Mukono halali kwako. Anakula kwako, anaegesha pikipiki kwako, anaomba choo kwako, halafu anakwenda kulala kwake. Huyo ndiye mteja wa kumwandalia.

Tuanze na vyumba, maana ndiko watu wanakojichimbia shimo. AFCON ina timu 24 na mechi 52, lakini hizo 52 zinagawanywa nchi tatu. Fungu la Uganda nalo halishuki lote Namboole, maana Hoima umejengwa uwanja mpya wa watu 20,000 na kampuni ya Kituruki, na huo haukujengwa ukauke jua. Timu na maofisa wanalala hotelini, tena hoteli zilizokaguliwa. Sasa wewe ukope milioni 10 kwa mkopeshaji wa mtaani anayetaka asilimia 10 kwa mwezi: hiyo ni milioni moja ya riba kila mwezi, mechi iwepo isiwepo. Na ukimtoa mpangaji anayekulipa laki mbili na nusu kwa mwezi ili ukarabati na kusubiri miezi mitatu, umeshapoteza laki saba na nusu kabla mgeni hajabisha hodi.

Waliokuwa Kampala mwaka 2007 wanaikumbuka CHOGM, mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola. Hoteli zilijengwa mbio mbio, mafundi wanapaka rangi usiku na mchana, Malkia wa Uingereza akaja, na mkutano wa wakuu ukaisha kwa siku tatu. Ukitaka kujua yaliyofuata, muulize mzee yeyote aliyejenga wakati ule kwa pesa ya benki. Mimi nimeuliza, na jibu niliambiwa nikiwa nimeketishwa chini.

Ukiwa na pesa yako mwenyewe, weka tangi la maji, maana mfereji ukikauka wiki ya mechi jerikeni itapanda bei. Weka taa ya nje, kitasa cha maana, neti ya mbu isiyo na matundu, na Yaka, umeme wa kulipia kabla, iwe na uniti za kutosha. Hivyo vyote mpangaji wako wa kawaida atavifurahia hata kama Mmisri hatakuja. Akija mgeni, mpe chumba cha mwanao na mtoto alale sebuleni. Watoto hawafi kwa kulala sebuleni.

Chakula ndicho kilichonilipa, ila kina saa zake. Mechi za Cranes, timu yetu ya taifa, zilikuwa za usiku. Watu walianza kupita alasiri, na wale wa mapema wana nafasi: wanakaa, wanataka kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharage mazito, wanabishana kuhusu kikosi. Ikishafika saa kumi na mbili hakuna anayekaa, kila mtu anataka rolex ya kushika mkononi na maji ya chupa. Hapo ukianza kukanda unga umeshachelewa. Chapati zangu huwa zimepikwa mchana, zimepangwa ndani ya kitambaa kwenye ndoo yenye mfuniko, nyanya na kitunguu vimekatwa. Kinachobaki sigirini ni mayai tu. Mpira ukianza, barabara inakufa kama kuna kafyu. Osha sahani, ongeza makaa, kaa chini unywe chai. Kipenga cha mwisho kikilia una kama saa moja ya kazi, basi.

Na matokeo yanaingia kwenye sufuria yako, usidanganywe. Algeria walipotufunga 3-0 mechi ya kwanza, watu walipita wameinamisha vichwa, gonja yangu, ndizi tamu za kuchoma, ikalala. Guinea tulipowafunga 3-0 walinunua kama wako harusini. Siku ya Afrika Kusini ndiyo sitaisahau. Tulikuwa nyuma 3-1, wenye roho nyepesi wakatoka mapema, wakajaa kwangu, nikawapakulia. Mara uwanja ukanguruma. Penalti. Ukanguruma tena. Penalti nyingine, 3-3. Wakaondoka mbio kurudi getini na sahani zangu mikononi! Tangu siku ile pesa kwanza, chakula baadaye, na baada ya saa mbili usiku napakulia kwenye karatasi.

Pesa zenyewe ziwe za mkononi. Maelfu ya simu yakikusanyika sehemu moja mtandao unalegea, mteja anakuonyesha kwamba ametuma, wewe hujapata ujumbe, nyuma yake foleni inatukana. Kusanya chenji wiki nzima kabla, sarafu za mia tano na noti za elfu moja elfu mbili. Bei usiipandishe sana. Huyu mtu atapita hapa tena Jumatatu akienda kazini, na atakumbuka.

Jezi na bendera sizigusi. Tarehe 23 Agosti Senegal walitutoa kwa bao moja kwenye robo fainali, na aliyekuwa amejaza gunia la jezi za Cranes alibaki nalo. Siku tatu baadaye nusu fainali ya Morocco na Senegal ilichezwa hapa hapa Namboole, lakini nani anunue bendera ya Uganda? Rolex haina timu.

Kuna jambo la vibali ambalo watu wa mjini hulikosea. Namboole iko Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso, haiko chini ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Mtu akikuuzia "kibali cha KCCA" cha kuuza chakula Bweyogerere, amekuuzia karatasi. Nenda Kira mapema, na barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, mkononi. Hata ukiwa na kibali, usijipange karibu na geti. Eneo la kuzunguka uwanja linatengwa kwa wadhamini wa mashindano, na meza yako itabebwa na sufuria juu yake. Vichochoro vya kuingilia mtaani ndiko pesa iliko, kwa sababu ndiko watu wanakoshukia boda barabara kuu ikijaa.

Barabara kuu itajaa, hilo usilibishie. Barabara ya Jinja ni ile ile ya siku zote, na Northern Bypass, barabara inayozunguka jiji upande wa kaskazini, inakuja kuishia hapo hapo Bweyogerere, kwa hiyo siku ya mechi magari yanakutania mlangoni kwetu. Mwenye mjamzito nyumbani au mgonjwa wa sukari, ongea sasa na dereva wa boda unayemjua, anayezijua njia za ndani za Kirinya na Kito, mkubaliane bei kabla. Watoto wa shule watoke mapema. Na tembea na kitambulisho hata ukienda dukani tu, maana polisi wanapofunga njia hawajui kwamba wewe ni wa pale.

Mwisho ni ndugu, ambao watakuja wengi kuliko wageni wa kulipa. Mimi nimekulia lain ya polisi Naguru, tumezaliwa na kuoleana na watu wa kila upande, kwa hiyo simu zimeshaanza. Wa Kenya hana shida, atavuka Busia au Malaba na kitambulisho chake cha taifa. Shangazi wa Bukoba, Tanzania, ndiye wa kuhangaikia: kupita mpaka wa Mutukula anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mwambie aanze kuzishughulikia sasa, asingoje wiki ya mechi. Na aje na shuka zake.