Wiki 2 za mwisho: punguza, usiache

Mdogo wangu, umeuliza kama uendelee na mazoezi yale yale hadi siku ya kusafiri kwenda Gqeberha, Afrika Kusini, kwenye mashindano ya Ironman, kwa hofu kwamba mwili utasahau. Hautasahau. Kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia hazijengwi wiki ya mwisho.

Punguza muda karibu nusu, ila vipande vifupi vya kasi vibaki. Ogelea Ziwa Tanganyika, pale Katonga, alfajiri kabla upepo haujaanza, mtumbwi ukufuate. Mamba wapo ziwani, nakusihi usipuuze. Bahari kule ni ya baridi kuliko Tanganyika, tena ya chumvi, kwa hiyo ukifika ingia angalau mara moja na vazi lako la mpira kabla ya siku yenyewe.

Ninachokiogopa zaidi ni tumbo. Nimeona watu wenye miguu mizuri kabisa wakikaa chini kwa sababu ya chakula. Siku 2 za mwisho ongeza wali na ndizi, maharage weka kando. Juu ya baiskeli lenga gramu 60 za wanga kila saa, kwa kitu ulichokwisha kukizoea barabara ya Kasulu.

Cheni na tairi kagua leo, fundi wako akiwa bado karibu.