Amu au Mokowe? Mtoto wa Likoni alivyofundishwa kuvuka

Juzi kijana mmoja wa Voi ameniandikia. Amepata kazi Mokowe, anaripoti mwezi ujao, na swali lake ni la mstari mmoja: "Dada, nikodi Amu au nikodi Mokowe?" Chini yake akaongeza jingine: "Na friji, nije nalo?"

Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Hilo la friji nitalijibu mwisho, lina uchungu wake. Nianze na la kwanza, ambalo niliwahi kulijibu vibaya kwa pesa zangu mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Likoni, Mombasa. Nimevuka feri nikiwa mgongoni kwa mama, nimevuka na sare ya shule, nimevuka na mkoba wa kazi. Kwa hiyo nilipoajiriwa Mokowe, katika ofisi ya shirika moja ambalo sitalitaja, na watu wakaanza kunionya habari za boti, niliwaona wananichekesha. Mtoto wa Likoni afundishwe kuvuka?

Kwa ambaye hajafika huku: Amu, ndiyo Lamu mjini, iko kisiwani. Mokowe iko bara. Ndiko linakoishia basi la Mombasa likishapita Garsen na Witu, na ndiko ziliko ofisi nyingi siku hizi, za kaunti zikiwemo. Ukija kwa ndege nako hujaokoka, maana uwanja uko Manda, na Manda ni kisiwa kingine. Boti utapanda tu. La kujiuliza ni utaipanda mara ngapi kwa wiki, na nani anakusubiri ng'ambo akiwa na saa mkononi.

Mimi sikujiuliza. Nilikwenda kutafuta nyumba siku ya Jumamosi, mwezi wa Machi, kaskazi inakatika na bahari shwari. Dalali akanipitisha Usita wa Mui, ile barabara kuu ya mji, tukakata vichochoro vya mtaa wa Mkomani mpaka nikapoteza kabisa upande wa pwani, tukatokea mbele ya mlango wa nakshi. Bimkubwa mwenye nyumba alikuwa amekaa dakani, pale ukumbini mlangoni, na kipepeo chake. "Ndoo, mwanangu, ndoo uone," akaniambia, yaani njoo kwa Kiamu, na mimi nikayeyuka papo hapo.

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili. Boriti za juu nilizihesabu, kumi na tisa, mbili zimeingiwa na mchwa. Ukutani zidaka vya chokaa, vile vishubaka vya kuwekea vitu, vingine vimevunjika kingo. Ukipanda ngazi ya mwisho unatokea juu ya paa, na hapo unaona mkondo wote, mikoko ya Manda, mashua zimetia nanga, na adhana zinaanza moja baada ya nyingine kama zinapokezana. Nikapiga picha, nikamtumia mama. Nikaweka nyingine mahali ambapo wenzangu wa chuo wataiona, nisiwafiche. Kabla sijashuka nilikuwa nimeshalipa: elfu kumi na mbili kwa mwezi, na dipoziti ya miezi miwili.

Sikuuliza maji hupanda tangini siku gani. Sikuuliza kutoka pale mpaka gatini ni mwendo wa dakika ngapi mvua ikinyesha, vichochoro vikiwa vimejaa maji na mavi ya punda. Sikuuliza boti ya kwanza ya asubuhi ni saa ngapi, wala ya mwisho jioni. Nilikuwa na picha.

Halafu friji likafika. Lilitoka Likoni ndani ya buti la basi, likavuka likiwa limefungwa kamba kama mbuzi wa Idi, likapanda mkokoteni mpaka pale kichochoro kilipokuwa chembamba, hamali wawili wakalichukua mgongoni. Kwenye kona ya ngazi likagoma. Nyumba za mawe za Amu zilijengwa kabla ya friji, na ngazi zake zinapinda kwa upana wa mtu mmoja mwembamba. Bimkubwa akasema tubomoe kidogo pale ukutani, mwanawe akamkumbusha kwamba mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001, hutoboi ukuta bila Makumbusho kujua. Tukang'oa mlango wa friji, tukalilaza, tukalisimamisha. Hamali mmoja aliniambia, "Dada, siku ya kulishusha usiniite mimi." Elfu mbili na mia nane hizo, mbali na basi na boti.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu. Naukubali. Ndio ulionidanganya.

Kisha kusi ikaingia, upepo wa kusini na mawimbi yake. Nataka muelewe tofauti, hasa nyinyi wa Likoni mtakaokuja na kiburi kama changu. Feri inakwenda usiku na mchana, na wa miguu halipi senti. Boti ya abiria ya Amu huondoka ikijaa. Mia kwenda, mia kurudi, siku ishirini na mbili za kazi: elfu nne na mia nne kwa mwezi ambazo sikuzipigia hesabu nilipokuwa napiga picha. Ikishaingia sala ya Magharibi, abiria hakuna, utakodi peke yako au utafute pa kulala.

Jumanne moja ya Juni, saa moja na dakika kumi asubuhi, niko gatini. Ndani ya boti tuko tisa. Mvua inakuja kwa ubavu. Mama mmoja na ndoo ya mahamri kajifunika turubai, ananinyooshea ncha moja nijifunike naye. "Nahodha, twende." "Bado watatu, dada." Saa moja na nusu bado wawili. Nikamwambia ondoa, viti vyote viwili nalipa mimi. Akanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu anayejua utalipa leo, na kesho utafanyaje? Akawasha mashine.

Tulipouacha mji nyuma mawimbi yakaanza kutupiga usoni. Tulipofika Mokowe maji yalikuwa yametoka, vidato vya chini vya gati viko wazi na ukijani wake, na mimi nilikuwa na viatu vya ofisi. Nilishuka kwa goti. Mkoba ukaingia majini mpaka nusu. Ofisini nilifika saa mbili na dakika ishirini na tano, chumvi imenikaukia kwenye buibui kama ramani.

Meneja wangu, ambaye nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka ofisini, hakuniangalia mimi. Aliangalia saa ya ukutani. Akasema, "Bahari hukuikuta hapa ofisini. Umeichagua mwenyewe."

Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule, na nilikuwa bado katika miezi ya majaribio. Barua ya onyo ilikuja Alhamisi. Ina neno "uzembe" ndani yake. Mimi, niliyefunga hesabu za robo nzima ya mwaka peke yangu wakati mwenye kazi hiyo yuko likizo, nikaandikiwa uzembe. Barua ninayo mpaka leo. Watu huniambia nisamehe, nimesamehe, lakini barua ninayo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli.

Nahodha mzee wa pale gatini ndiye aliyenikalisha chini baadaye, tukinywa kahawa. Akanieleza bamvua na maji mafu, mambo ambayo mtoto wa Likoni hayajui kwa sababu feri imemlea kizembe. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, hayaendi mbali. Na saa za kupwa husogea kila siku kwa dakika kama hamsini, kwa hiyo ngazi uliyoikuta imejaa leo asubuhi, baada ya wiki saa ile ile utaikuta imekauka. Watu wa hapa wanalijua hilo bila kufikiri. Mimi nilikuwa na picha ya machweo.

Nikahama. Hapa nitasema jambo kisha nilipite. Mwanawe bimkubwa alikatalia dipoziti yangu yote, eti ya kupaka rangi, kuta ambazo nilizikuta zinabanduka chokaa na nilizipiga picha zikibanduka. Bimkubwa alikuwa amekaa pale pale dakani. Hakusema kitu, aliangalia kipepeo chake. Nilikuwa nikimwita mama. Basi.

Mokowe nilipanga chumba kimoja cha matofali na mabati, elfu tano, choo ndani, vumbi mpaka kwenye sukari. Dalali alitaka elfu nane. Tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu kule Kililana ifunguliwe Mei 2021, kila mwenye begi anayeshuka kwenye basi huhesabiwa mtu wa bandari mpaka athibitishe vingine. Nilithibitisha kwa viatu vyangu.

Miezi ya Mokowe sina la kuisimulia. Nilikwenda kazini, nikarudi. Nilithibitishwa kazini mwezi wa tisa.

Sasa sikiliza, mdogo wangu, na wengine mnaonyemelea kazi nzuri kama sisi sote. Kwanza kaa upande wa kazi. Sijali nyumba ni mbaya kiasi gani. Miezi sita ya kwanza hakuna anayekujua, hakuna wa kukutetea, na jina lako linaandikwa kwa saa unayoingia mlangoni. Nyumba nzuri itakungoja. Kaa upande wa kazi, ukishathibitishwa ndipo uanze kuota mapaa na machweo. Mnakuja na simu mikononi, mnakodi kwa macho, mnataka mtu wa nyumbani aone mmefika. Mmefika wapi? Nyumba ya kuonyesha watu hukaliwa na watu wale unaowaonyesha, si wewe, wewe uko gatini umelowa.

Pili, nyumba iangalie siku ya kazi, saa ya kazi, na ikiwezekana mvua ikinyesha. Panda boti ya saa moja asubuhi kama mfanyakazi, na uangalie nani unapanda naye. Usimwulize dalali, yeye hulala usingizi wake vyovyote iwavyo. Muulize jirani anayechota maji. Maji matamu ya kisiwa hiki yanatoka visima vya michanga ya Shela, kijiji jirani hapa hapa kisiwani, na siku yasipopanda tangini utapandisha madumu wewe, ghorofa mbili, au uoge ya kisima cha uani ambayo sabuni haitoi povu.

Na mtakaoniuliza Shela yenyewe: ni kuzuri, sibishi. Kutoka mjini ni mwendo wa kama dakika arobaini kwa miguu kando ya bahari, maji yakijaa unatembea umekunja suruali, na kodi nyingi kule zimepangwa kwa mfuko wa mzungu. Kaa upande wa kazi.

Tatu ni ile ile ya kwanza.

Najua mtaniuliza, kwani dada yetu unakaa wapi sasa? Nakaa Amu. Nilirudi mwaka uliofuata, lakini nilirudi na akili. Vyumba viwili vya chini, mtaa wa Langoni, hatua chache kutoka ukingo wa bahari, havina nakshi, havina paa la kupandia, dirisha langu linaangalia mgongo wa duka la mikate. Harufu ya alfajiri nimeipata bure. Tuko watu kumi na wanne tunaofanya kazi Mokowe, tumeelewana na nahodha mmoja, tunamlipa kwa mwezi, naye huondoka saa moja kasoro robo, ijae isijae. Nilipopendekeza jambo hilo mara ya kwanza wanaume wawili walicheka. Mmoja wao sasa ndiye anayekusanya pesa, na hutembea kama aliyelibuni yeye.

Hili sikuliandika kwenye orodha ya juu kwa sababu huwezi kulifanya ukiwa mgeni. Huwajui watu, nahodha hakujui, na hakuna atakayekubali kuondoka bila kujaza kwa neno la mtu aliyeshuka kwenye basi juzi. Ilinichukua mwaka mzima wa salamu. Sasa nikichelewa dakika mbili naona boti imesimama na kumi na tatu wananitazama, na hiyo aibu inaniamsha kuliko barua yoyote ya meneja.

Meneja mwenyewe kahamishwa. Kabla hajaondoka aliomba nafasi kwenye boti yetu siku tatu za Maulidi, Mfunguo Sita, Amu imefurika wageni na boti za kawaida hazishikiki. Tulimpa. Alikaa nyuma karibu na mashine, na siku ya pili alichelewa. Nahodha akaondoka.

Sasa friji. Usije nalo. Siku ya kuhama Mkomani yule hamali alikataa kweli, nikatafuta wengine watatu, likashuka na mchubuko ubavuni, likavuka, likakaa nami Mokowe kwenye chumba cha mabati likinguruma usiku kucha. Nilipokuwa narudi Amu nilisimama pale gatini nalo, nikaitazama boti, nikazifikiria ngazi, na Langoni sina hata ngazi. Nikaligeuza. Liko Mokowe mpaka leo, dukani kwa mama mmoja karibu na stendi, linapoza maji ya wateja wake. Asubuhi nikipita hunipa chupa moja, ndiyo kodi yake, na mlango wake bado haufungi vizuri, ameukaza kwa mpira wa baiskeli.