Maswali ya Wasomaji: Baba Anajichoma Sindano ya Ng'ombe

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninaandika kutoka Ngaramtoni. Baba yetu ni mfugaji mwenye umri wa miaka zaidi ya 60. Kila anapopata homa hujichoma OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria) ileile anayowachoma ng'ombe, na mara kwa mara hunywa ivermektini ya sindano akisema inaondoa minyoo na kumkinga na Uviko. Tukimwonya hujibu kwamba dawa ni ileile na kwamba kila mara amepona. Kaka yangu anamuunga mkono, kwa sababu amesoma kuwa huko Marekani madaktari waliishtaki mamlaka ya dawa juu ya ivermektini, nao wakashinda. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mimi ni daktari wa mifugo, kwa hiyo sehemu ya tiba ya binadamu niliijadili na daktari mwenzangu wa watu hapa Arusha kabla ya kuandika jibu hili.

Nianze na pale ambapo mzee amesema kweli. Ivermektini iliyomo katika chupa ya ng'ombe na ile iliyomo katika kidonge cha mtu ni kemikali moja. Ilitokana na bakteria waliopatikana katika udongo wa Japani, ikaanza kuuzwa kwa ajili ya mifugo mwaka 1981, ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1987, na mwaka 2015 Satoshi Ōmura na William Campbell wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hapa Tanzania hugawiwa bure katika kampeni za kumezesha dawa za usubi na matende. Anayemwambia baba yako kwamba anakunywa sumu ya farasi anakosea, na mzee akishamkamata mtu kwa kosa hilo hatamsikiliza tena hata pale atakaposema la kweli.

Tatizo liko katika kipimo na katika vile vilivyochanganywa na dawa. Katika kampeni za usubi, mgawa dawa humsimamisha mtu kando ya fimbo yenye alama ili urefu wake uonyeshe idadi ya vidonge, kwa kuwa kiasi kinachokusudiwa ni kama maikrogramu 150 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 hupata miligramu 9, yaani vidonge vitatu vya miligramu 3, na wajawazito pamoja na watoto wadogo huachwa kabisa. Sindano ya mifugo ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita moja. Kijiko kimoja cha chai hubeba mililita 5, kwa hiyo mzee akinywa kijiko kimoja tu amekunywa miligramu 50, ambazo ni zaidi ya mara tano ya kipimo chake. Ivermektini ikizidi huufikia ubongo, na dalili zake ni kutapika, kizunguzungu, kupepesuka, degedege na hata kupoteza fahamu. Aidha, viyeyusho vilivyomo katika chupa hiyo vilichaguliwa kwa ajili ya kuchomwa chini ya ngozi ya mnyama, na havikukusudiwa kupita katika tumbo la mtu.

Kuhusu kesi anayoitaja kaka yako, ni kweli kwamba ilikuwapo. Mwezi Agosti 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwakumbusha watu mtandaoni kwamba wao si farasi wala ng'ombe. Madaktari watatu waliishtaki wakidai kwamba imevuka mipaka yake kwa kuwaelekeza watu juu ya matibabu. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa iliruhusu shauri liendelee, na Machi 2024 pande hizo mbili zilipatana kwa FDA kukubali kuondoa machapisho hayo. Kilichobishaniwa pale ni mamlaka ya chombo cha serikali, wala hakuna hakimu aliyetamka kwamba dawa hiyo inatibu Uviko. Matumaini yenyewe yalianza mwaka 2020, pale watafiti wa Australia walipoona ivermektini ikizuia kirusi katika seli za maabara, lakini kwa kiwango ambacho mwili wa mtu haukifikii kwa dozi ya kawaida. Jaribio lililofanyika Brazili kwa wagonjwa zaidi ya 1,300, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, halikuonyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza kulazwa hospitalini.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni OTC, kwa sababu hapo ndipo maneno ya mzee kwamba "kila mara amepona" yanapohitaji kusikilizwa kwa makini. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria, lakini vipimo vya maabara vilithibitisha malaria kuwa ndiyo chanzo cha homa kwa wasiozidi asilimia 2. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa yatokayo kwa wanyama, karibu robo walikuwa nayo: brusela, ambayo wafugaji huijua kwa ng'ombe kutupa mimba, homa ya mgunda, homa ya Q, na homa zinazoletwa na kupe.

Sasa tazama linalotokea. Mfugaji hupewa dawa ya malaria na homa haiondoki, kisha anajichoma OTC na homa inashuka. Hadanganyi. Dawa za jamii ya tetrasaiklini ndizo hasa zinazotumika dhidi ya mengi ya magonjwa hayo, ila brusela hutakiwa kutibiwa kwa wiki sita, tena kwa dawa mbili kwa pamoja. Sindano moja au mbili hukilaza kimelea bila kukimaliza. Baada ya muda homa hurudi pamoja na maumivu ya mgongo na viungo, na mzee huirudia chupa yake akiamini kuwa huo ni ugonjwa mpya. OTC ya asilimia 20, iliyotengenezwa ikae siku kadhaa katika nyama ya ng'ombe, humwachia pia uvimbe mkali mahali alipochoma.

Kwa hiyo usimwendee kwa kumkemea. Mwambie, "Baba, huenda sindano inakutuliza kwa sababu una ugonjwa wa mifugo ambao hospitali haijaupima." Mpeleke kituoni pamoja na chupa zake zote, na aanze kwa kumwambia daktari kwamba yeye ni mfugaji, kama anakunywa maziwa mabichi, na kama amewahi kumzalisha ng'ombe aliyetupa mimba kwa mikono mitupu. Aombe kupimwa brusela. Wakati mnasubiri majibu, chemsheni maziwa ya nyumba nzima, kwa kuwa kama chanzo ni zizi lenu, hayuko peke yake katika hatari.

SWALI: Nina duka la dawa za mifugo hapa Moshi. Wapo wateja wanaoomba niwavutie dawa kidogo kwenye bomba la sindano, na nikiuliza uzito wa mnyama wananyamaza. Nifanye nini?

JIBU: Endelea kuuliza uzito, aina ya mnyama na ugonjwa wake, na asiyeweza kujibu usimuuzie. Usimkadirie kipimo cha mtu hata kama hesabu unaiweza; mwelekeze kwenye zahanati. Na usivute dawa kwenye bomba umpe mtu aondoke nayo, kwa sababu akizidiwa usiku, watakaompokea hawatakuwa na chupa ya kuwaonyesha ni dawa gani, ya nguvu gani, wala kama muda wake ulikuwa umekwisha.