Uliza Mnyama Ametoka Wapi: Ushauri kwa Maafisa Mifugo Wanaoanza Kazi

Wengi wenu mnatoka chuoni mkiwa mmefundishwa, tena vyema, kwamba nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na vimelea vya damu viitwavyo tripanosoma, huenezwa na mbung'o. Wasiwasi wangu uko kwenye hitimisho ambalo wengi hujiongezea wenyewe, kwamba pasipo na mbung'o hakuna haja ya kutafuta tripanosoma katika damu. Nimeona ng'ombe na ngamia wakidhoofika huku wakinyweshwa dawa za minyoo, kwa sababu tu eneo lao halimo kwenye ramani ya mbung'o.

Kisa cha Trypanosoma vivax, mmoja wa tripanosoma hao, kinafaa kujulikana na kila anayeingia kazi hii. Kimelea hiki asili yake ni Afrika, na ndani ya mbung'o hukulia mdomoni tu, bila kushuka tumboni kama wenzake. Mwaka 1919 kilitambuliwa katika ng'ombe wa Guyana ya Kifaransa, katika bara lisilo na mbung'o, na inaaminika kwamba kilivuka bahari katika damu ya ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka Afrika Magharibi. Huko kilipata wabebaji wengine, yaani pange na nzi waumao wa zizini. Mwaka 1972 kilitambuliwa kaskazini mwa Brazili, na katika miaka ya 1990 kikaonekana hadi kwenye nyanda za majimaji za Pantanal. Jamaa yake, Trypanosoma evansi, anayeleta ugonjwa uitwao surra, amepoteza sehemu ya jeni ambayo tripanosoma huihitaji ili kukua ndani ya mbung'o, kwa hiyo yeye hahitaji mbung'o kabisa. Ndiyo maana ngamia wa kaskazini mwa Kenya huugua hata katika maeneo makavu ambako mbung'o hawezi kuishi.

Mtazameni pange akiwa kazini. Jike hupasua ngozi na kulamba damu inayochuruzika, na kwa kuwa maumivu ni makali, mnyama hupiga mkia na kutikisa ngozi mpaka pange akatizwe kabla hajashiba. Huruka akiwa na damu mbichi mdomoni, akatua kwa mnyama wa jirani kumalizia mlo wake. Kimelea hakikui ndani yake, na damu ile ikikauka kinakufa, kwa hiyo pange huhamisha ugonjwa ndani ya boma tu au kati ya makundi yanayokaribiana. Safari ndefu hufanywa na mnyama mwenyewe, kwa miguu, kwa lori au kwa meli, mara nyingi akionekana mzima. Surra ilitambuliwa kwa ngamia wa Visiwa vya Kanari mwaka 1997; ikajitokeza Ufaransa mwaka 2006 na katika mkoa wa Alicante nchini Hispania mwaka 2008, mara zote mbili katika mashamba yaliyopokea ngamia kutoka visiwa hivyo, na huko Alicante hata farasi na punda wa shambani wakaambukizwa.

Kwa hiyo mkiitwa kumwangalia mnyama aliyekonda, mwenye homa ya vipindi na ufizi uliopauka, ulizeni kwanza amenunuliwa mnada gani, amepitia njia ipi, na nani alimchoma sindano mara ya mwisho. Swali hilo la sindano msilione dogo. Katika mashamba ya maziwa nchini Brazili, sindano moja ya oksitosini, homoni ya kuteremsha maziwa, iliyotumiwa kwa ng'ombe wengi kabla ya kukamua imesambaza vivax bila msaada wa nzi yeyote. Sisi wenyewe, tunapochanja kundi zima kwa sindano moja, tunafanya kazi ya pange.

Damu ichukuliwe kwenye mshipa wa sikio na isomwe mapema, kwani tripanosoma hufa baada ya saa chache. Zungusheni kapilari, yaani mrija mwembamba wenye damu hiyo, kwenye mashine ya kuzungushia, kisha tafuteni kwenye utando mweupe ulio juu ya chembe nyekundu. Vivax mtamjua kwa kukatiza mbio uwanja wote wa hadubini, ilhali Trypanosoma congolense, tripanosoma mwingine, hujinyonganyonga palepale, amejishikiza kwenye chembe za damu. Msipoona kitu, msiandike kwamba mnyama ni salama, maana vimelea hupanda na kushuka katika damu. Mgeni atengwe mbali na kundi, na apimwe tena baada ya wiki kadhaa, hasa ikiwa muuzaji amekiri kwamba alimtibu kabla ya mnada.