Mwenye pumu na yoga: anza na pumzi inayotoka

Nimeishi na pumu tangu utotoni, na yoga nimeifanya miaka ya kutosha kujua inachoweza na kisichoweza. Haiponyi pumu. Inachonipa ni kifua kilicholegea zaidi, usingizi mzuri, na utulivu pale dalili zinapoanza kunyemelea. Kwa mgonjwa wa pumu, hayo si mambo madogo hata kidogo.

Shambulio linapokuja, misuli ya mirija ya hewa hujikaza, kuta zake huvimba na makohozi huongezeka. Wengi tunadhani shida ni kuvuta hewa, kumbe kinachokwama zaidi ni kuitoa. Hewa ya zamani imebaki mapafuni, nasi tunapambana kuvuta nyingine juu yake: mabega yanapanda, shingo inakakamaa, hofu inazidisha kasi ya kupumua. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza ajifunze kwanza kutoa pumzi.

Fanya siku ambayo kifua ni shwari. Kaa wima, hata kwenye kiti cha jikoni, mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja hadi tatu, tumbo liinuke lenyewe. Kisha iachie polepole kwa pua hadi nne. Baada ya wiki kadhaa utafika tano au sita bila kujilazimisha. Pua huipasha hewa joto, huipa unyevu na kunasa vumbi, kazi ambazo mdomo hauziwezi vizuri. Ukizoea, ongeza bhramari, yaani kutoa pumzi huku ukivuma kama nyuki na midomo imefungwa. Mvumo wenyewe unairefusha pumzi. Mimi huipenda jioni, kabla ya kulala.

Kuna mazoezi ninayoyaacha. Kapalabhati, ile ya kupumua kwa kasi na kwa nguvu, inaweza kukibana kifua chenye pumu. Kubana pumzi kwa muda mrefu nako sikufanyi. Usione haya kumweleza mwalimu tangu mwanzo kwamba una pumu, na kama darasani wanachoma udi au ubani, omba uzimwe au tafuta darasa jingine. Nyumbani, mkeka uliokaa uvunguni kwa miezi ni ghala la vumbi. Uufute kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuulalia. Inhela ikae pale pale mkono unapofikia.

Wapo wanaosita kwa sababu ya dini, kwa kuwa yoga ina mizizi katika dini za India. Nawaheshimu. Kupumua taratibu na kunyoosha mgongo hakuhitaji mantra yoyote, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na ukipenda unaweza kufanya hayo tu.

Utafiti upo. Mwaka 1985 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya watafiti Nagarathna na Nagendra wa Bangalore, India: wagonjwa 53 waliofundishwa yoga walipata mashambulio machache kuliko wenzao 53 ambao hawakufundishwa. Mwaka 2016 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walichambua majaribio 15 yenye washiriki 1,048, mengi yakiwa ya India. Waliona kwamba huenda yoga inapunguza dalili na kuboresha maisha kwa kiasi kidogo, lakini kuhusu nguvu ya mapafu matokeo hayakulingana. Kiasi kidogo hicho nakichukua kwa mikono miwili, juu ya dawa.

Nasema juu ya dawa, si badala yake. Inhela ya kufungua mirija hutuliza mkazo wa wakati ule. Ya kinga, yenye steroidi, ndiyo inayoshusha uvimbe siku hadi siku. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya pumu, uitwao GINA, haupendekezi tena mtu mzima au kijana ategemee ile ya kufungua peke yake. Ukijisikia vizuri baada ya miezi ya yoga, nenda na habari hiyo njema kwa daktari, naye ndiye atakayeamua kama dozi ipunguzwe. Na kama huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, midomo inageuka rangi, au inhela haikupi nafuu, usikae kuhesabu pumzi. Endelea kutumia inhela ulivyoelekezwa huku ukipelekwa hospitali mara moja.