Kodi si leseni: laini yangu ilivyofungwa kwa sababu ya USDT, na daftari lililonitoa

Jumatano usiku nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Mbagala. "Kaka, samahani kwa usiku. Laini yangu imefungwa, ina milioni mbili na laki nane. Niliuza USDT kwa mtu wa grupu. Wananiambia niende polisi. Naogopa. Nifanyeje?"

USDT ni sarafu mtandao inayofuata thamani ya dola ya Marekani, na laini anayoisema ni ile ya hela za simu. Niliusoma ujumbe ule mara tatu, viganja vikalowa jasho, kwa sababu ningeweza kuuandika mimi mwenyewe, neno kwa neno, Machi 2024. Nimemjibu faraghani yale ya haraka. Haya mengine nayaweka hapa kwa sababu najua mko wengi, na najua wengi wenu mnataka nilichokitaka mimi: kupokea malipo ya kazi kutoka nje bila kusubiri wiki nzima, na kuona jasho lako halimezwi na makato.

Mimi ni mbunifu wa michoro. Natengeneza nembo na vifungashio, na wateja wangu wengi hawako Tanzania. Nilianza kupokea sarafu mtandao mwaka 2021, na nakumbuka hasa kilichonipa ujasiri. Tarehe 13 Juni mwaka ule Rais Samia alikuwa Mwanza kufungua jengo la Benki Kuu, akazungumzia sarafu hizi na teknolojia ya blokucheni, yaani daftari la mtandaoni linaloandika kila muamala wa sarafu hizo, akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa, mabadiliko yasije yakatukuta hatujajipanga. Usiku ule magrupu yote ya WhatsApp niliyokuwemo yalishangilia. "Mama karuhusu!" Na mimi nikaandika hivyo hivyo, mama karuhusu.

Hakuruhusu. Aliagiza maandalizi. Tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lilikuwa palepale, na lilisema wazi kwamba fedha halali nchini ni shilingi ya Tanzania, na kwamba kuuza, kununua na kutangaza sarafu hizi ni kinyume na kanuni za fedha za kigeni zilizopo. Mimi tangazo lile nilikuwa sijalisoma. Nililisoma kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa kwenye benchi la mbao kituo cha polisi, kwenye simu ya wakili.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Mwanzoni nilikuwa nauza sarafu zangu kwenye jukwaa la kawaida la P2P, yaani la kuuziana mtu kwa mtu, ambako jukwaa linazishikilia mpaka uthibitishe kwamba hela imeingia. Baadaye nikahamia grupu la WhatsApp. Bei ilikuwa nzuri zaidi, na watu walikuwa wananiamini. Nikawa nawauzia hata wafanyabiashara wawili watatu wa Kariakoo waliokuwa wanalipia mizigo China. Kwa mwezi naweka laki tatu, laki nne za faida juu ya mshahara wa michoro. Nilijiona nimefika.

Alhamisi moja asubuhi jamaa wa grupu akaomba USDT 1,500. Tukakubaliana shilingi 2,600 kwa moja, jumla 3,900,000. Saa nne na dakika 37 hela ikaingia kwenye laini yangu. Jina kwenye ujumbe lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, "Mbona jina si lako?" Akajibu, "Huyo mama yangu, bosi, laini yangu imefika kikomo cha leo." Nikaridhika. Saa nne na dakika 44 nikamtumia sarafu zake kupitia Tron, moja ya blokucheni zinazosafirisha USDT.

Dakika saba. Katika dakika hizo saba nilikuwa na nafasi ya kurudisha ile hela, na sikuirudisha, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi mteja Mikocheni.

Yule mama hakuwa mama yake. Ni muuguzi mstaafu aliyekuwa anasubiri kulipia kiwanja Chanika. Alipata ujumbe ule ambao kila Mtanzania mwenye simu ameshaupata, "ile hela tuma kwenye namba hii", na kwa bahati mbaya kweli kulikuwa na hela aliyotakiwa kutuma siku ile. Namba aliyopewa ilikuwa yangu. Tapeli akachukua sarafu kwangu, mama akabaki na risiti yenye jina langu, na mimi nikabaki na hela ya mama. Tapeli hakugusa shilingi hata moja. Mtego huu ni mwepesi hivyo, na unafanya kazi kila siku hapa mjini.

Jioni ile laini ikafungwa ikiwa na milioni sita na ushee. Sehemu ya hela ile ilikuwa ya kodi ya nyumba. Jumatatu nikapigiwa simu niripoti kituoni. Nikaingia, nikamkuta yule mama amekaa na binti yake. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka usoni, akasema taratibu, "Kumbe ni wewe mwanangu. Una sura ya watu wa kwao." Sitaisahau sauti ile. Nimelelewa na mama mwenye umri kama wake, na siku ile mbele ya askari na watu wengine wanane mimi nilikuwa mwizi.

Ndugu yangu unayesoma, sikiliza hapa. Ukifika pale kila mtu anakuuliza swali moja: hela hii ni ya nini? Ukisema "niliuza USDT", nusu ya watu chumbani hawajui ni nini, na nusu nyingine wanadhani umekiri kosa. Wakili niliyemtafuta, dada mmoja mwenye ofisi Kinondoni, aliniambia kitu ambacho nimekiandika ukurasa wa kwanza wa daftari langu: "Sheria haijakupa ulinzi, lakini haijakuondolea wajibu." Ukiweka hela benki na benki ikafilisika, kuna Bodi ya Bima ya Amana. Ukipoteza sarafu mtandao, unakwenda ofisi gani? Benki Kuu ilishakuonya tangu 2019. Lakini hela haramu ikipita mikononi mwako, sheria ya kuzuia utakatishaji fedha inakuhusu kama inavyomhusu mtu wa benki.

Na usidhani wanaofunga laini wanakuonea tu. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, Oktoba 2022 kwa upungufu wa udhibiti wa fedha haramu, na haikutoka mpaka Juni 2025. Kwa miaka ile kila mtoa huduma za fedha alikuwa amekaa roho juu. Muamala wenye harufu, wanafunga kwanza, maswali baadaye. Nilikasirika sana wakati ule, na hata leo nadhani miezi mitano ni mirefu mno kumfungia mtu asiyeshtakiwa. Mke wangu aliuza friji la saluni yake ili tulipe kodi ya nyumba. Hilo bado linaniuma, na sioni sababu ya kulificha. Lakini sababu ya kufunga naielewa.

Kilichoniokoa ni daftari. Kaunta buku la kawaida, kwire mbili, nililolinunua Mtaa wa Msimbazi. Mjomba wangu alikuwa karani wa mahakama miaka mingi, na tangu nikiwa mdogo alikuwa anatuambia mtu asiyeandika ni shahidi asiye na macho. Basi kila muamala nilikuwa naandika: tarehe, saa, namba ya simu, jina lililotokea, kiasi, bei, anwani niliyotuma, na tarakimu za mwisho za namba ya muamala. Siku ile pia niliandika, na pembeni nikaweka: "jina la mama yake, kasema laini imefika kikomo". Mstari ule mmoja ulithibitisha kwamba niliuliza.

Na hapa ndipo nilipoipenda blokucheni kuliko siku zote nilizoipigia debe. Ni daftari la wazi ambalo mimi siwezi kulifuta, tapeli hawezi, askari hawezi. Nilimfungulia mpelelezi ule muamala kwenye simu: huu hapa, USDT 1,500, zimetoka kwangu, zimeingia kule. Akaangalia, akakunja uso. "Hapa panasoma saa 7:44. Wewe umesema saa nne na dakika 44. Na hela ya mama imeingia 10:37. Yaani ulituma kabla hujalipwa? Basi mnajuana." Moyo ulisimama. Ukurasa ule ulikuwa unaonyesha saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. 7:44 ya kule ni 10:44 ya hapa, na 10:44 ndiyo saa nne na dakika 44 ya kwetu. Nilimchorea kwenye karatasi mara mbili mpaka akaelewa. Ningekuwa sijui hilo, ushahidi wangu wenyewe ungenifunga.

Kwa hiyo unapohifadhi ushahidi, andika saa zote mbili. Usitegemee picha za skrini peke yake, maana kila mtu anajua zinachezewa. Chukua namba kamili ya muamala ili mtu mwingine aweze kuifungua kwenye simu yake, chapisha ukurasa, hifadhi mazungumzo yote bila kufuta hata salamu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini wakili alinieleza kwamba utaulizwa umetoka wapi, nani aliutoa na ulitunzwaje. Tulitengeneza hati ya kiapo ya kurasa sita. Gharama zote za wakili zilifika laki saba, na kila shilingi ilikuwa na thamani yake.

Mwishowe sikushtakiwa. Nilihesabiwa shahidi. Yule mama, baada ya kuona zile karatasi na kuelewa kwamba na mimi nimepoteza sarafu zangu, alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Basi tubebe nusu nusu." Tukaandikishana mbele ya wakili, nikamlipa 1,950,000 laini ilipofunguliwa Agosti. Tapeli hajapatikana mpaka leo. Wapo walioniambia nimekuwa mjinga kulipa. Mimi nalala usingizi, na nasema kwa kifua mbele kwamba nilitoka pale na jina langu.

Sasa nirudi kwenye kodi, maana kila nikiandika habari hizi mtu ananiambia, "Lakini kaka, siku hizi serikali inatoza kodi, kwa hiyo imehalalisha." Ni kweli Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Anayetakiwa kuikata ni mwenye jukwaa au anayewezesha ubadilishanaji. Hapo TRA imetambua kwamba mali hii ipo na inaingiza kipato. Haijaigeuza kuwa fedha halali, na haijakupa kibali cha kufungua duka la kubadilishia sarafu sebuleni kwako. Kodi si leseni. Majirani zetu Kenya walipitisha Oktoba 2025 sheria nzima ya watoa huduma za mali hizi, ikawapa Benki Kuu yao na mamlaka ya masoko ya mitaji kazi ya kusimamia. Ukiwa Nairobi unajua mlango wa kugonga. Hapa kwetu mlango huo haujajengwa, na mimi naomba ujengwe, kwa sababu vijana hawataacha kupokea malipo haya na matapeli wanalijua hilo kuliko watunga sheria.

Mpaka siku hiyo ifike, mimi nafanya hivi na wewe fanya hivi. Napokea sarafu kwa kazi yangu mwenyewe tu, yenye ankara na barua pepe ya mteja. Nimeacha kuwauzia watu wa grupu na wale wa Kariakoo. Nina TIN, natangaza kipato changu kama kipato cha ubunifu. Laini ya biashara siyo laini ya ada za watoto. Na jina, ndugu zangu, jina! Jina la anayelipa lisipofanana na la mnunuzi, rudisha hela palepale. Asikwambie mama, asikwambie shemeji, asikwambie kikomo. Rudisha. Nimeshaandika jambo hili mara nyingi na nitaendelea kuliandika, kwa sababu kila mwezi mtu mmoja ananitumia ujumbe kama huu wa Jumatano.

Mdogo wangu wa Mbagala, usikimbie na usibadilishe namba. Ukikimbia umejipa jina. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye ile steshenari niliyokuelekeza. Njoo na kitambulisho cha NIDA, simu yenyewe bila kufuta kitu, na taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Mwambie na baba yako, usiende kituoni peke yako. Namba ya muamala wa USDT kama huioni, njoo hivyo hivyo, tutaitafuta kwa kutumia anwani yako, halafu tutaandika saa zote mbili.