Reli ya Mezani: Wasomaji Wanauliza, Fundi Anajibu

SWALI: Nina njia ya modeli yenye upana wa milimita 16.5 mezani na nimechoka kuendesha injini za Ulaya tu. Nataka injini ya mvuke ya East African Railways (EAR), lakini madukani siioni. Nianzie wapi, na kwa skeli gani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Anzia kwenye gurudumu. Wengi huanza na boila kwa sababu ndiyo inayojaza macho, halafu wanakwama. Boila unaweza kuitengeneza kwa bomba na karatasi ya plastiki jioni moja, lakini gurudumu lenye spoki hulipati nyumbani bila mashine ya kukereza. Kwa hiyo tafuta kwanza injini ya dukani yenye magurudumu yanayokufaa, kisha mwili uvishe mwenyewe.

Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Gawanya kwa 64, unapata 15.6, pungufu ya njia yako kwa chini ya milimita moja. Skeli ya 1:64 basi inakufaa bila kung'oa taruma hata moja. Ukishika 1:76, ambayo ndiyo skeli ya modeli za injini za Kiingereza ziitwazo OO, njia ingepaswa kuwa milimita 13.2. Ile sura ya mwili mkubwa uliokaa juu ya njia nyembamba, ambayo ndiyo uzuri wenyewe wa injini zetu, itapotea.

Kwa mradi wa kwanza tunapendekeza klasi 29, zilizojengwa na North British huko Glasgow kati ya 1951 na 1955. Ni 2-8-2: magurudumu mawili madogo mbele, manane makubwa katikati, mawili madogo nyuma. Yale makubwa yana kipenyo cha milimita 1,219, yaani 19 kwenye skeli yako. Sasa chukua modeli ya 8F, injini ya LMS (kampuni ya reli ya Uingereza), katika skeli ya OO, inayopatikana kwa wingi hata ikiwa imetumika. Ni 2-8-0, kwa hiyo magurudumu madogo ya nyuma utayaongeza mwenyewe. Gurudumu lake halisi ni milimita 1,435, na kwenye modeli linakuja karibu 18.8. Tofauti ni sehemu mbili za kumi za milimita, jicho haliioni.

Kabla ya kutoa pesa, linganisha pia nafasi kati ya ekseli. Kama huna mchoro, tumia picha iliyopigwa ubavuni moja kwa moja, mpiga picha akiwa mbali. Namba 2921 iko kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi, ukiweza kufika. Pima gurudumu kubwa kwenye picha yako. Likiwa milimita 24, kila kipimo kingine cha ubavu kizidishe kwa 0.79 (yaani 19 gawanya kwa 24), nawe una mchoro wa skeli yako. Urefu wa vitu vilivyo pembezoni mwa picha usiuamini sana, lenzi huvipotosha.

SWALI: Nimeongeza magurudumu ya nyuma kwenye 8F kama mlivyoshauri. Sasa yanaruka kwenye makutano ya njia. Nilipoweka springi kuyakandamiza, injini ikaanza kuserereka bila kuvuta. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Springi yako ina nguvu mno. Inabeba mkia wa injini, ekseli ya mwisho ya magurudumu makubwa inaelea, na uzito uliokuwa wa kuvuta unaishia kwenye magurudumu yasiyovuta. Iondoe. Weka gramu 10 hadi 15 za risasi juu ya kigari chenyewe (fremu ndogo inayobeba magurudumu hayo ya nyuma), ili kijilaze relini kwa uzito wake. Ukitaka springi lazima iwe ya waya laini sana: injini ikiwa imesimama juu ya kioo, uweze kukiinua kigari kwa ncha ya penseli bila ekseli ya mwisho kutikisika.

Kagua na pini ya egemeo. Iwe mbele ya magurudumu ya kigari, chini ya kisanduku cha moto, na tundu lake liruhusu kigari kuinuka na kushuka kidogo, siyo kugeuka tu. Halafu pitisha injini polepole kwenye kona, ukitazama kutoka chini: gurudumu likigusa fremu, kata fremu, usipunguze gurudumu. Kona iwe na nusu kipenyo cha milimita 600 au zaidi. Chini ya hapo 8F yenyewe hupita, lakini ukishaiongezea mkia utapigana nayo kila siku.

SWALI: Injini inachechemea. Inakwenda, inasita, inakwenda. Mota ni mpya. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Mota haina kosa, iache. Tenga gia ya mota kabisa, chesisi ibaki na magurudumu na fito zake za kuunganisha tu, kisha iweke juu ya kipande cha kioo na uinamishe kioo taratibu. Chesisi nzima huteremka yenyewe. Ikisimama mahali palepale kila mzunguko, krenki (pini za magurudumu zinazoshika fito) za ekseli mojawapo hazijalingana na nyingine. Ikisimama popote bila mpangilio, matundu ya fito yamebana au visugua umeme (vibati vinavyochukua umeme kwenye magurudumu) vinakandamiza mno.

Kumpata mkosaji, toa fito zote. Funga kipande kinachounganisha ekseli ya gia na jirani yake mmoja, jaribu kwenye kioo. Kisha ongeza ekseli moja moja. Ile itakayorudisha kuchechemea ndiyo hiyo. Krenki za kulia na kushoto hupishana nyuzi 90, lakini usihangaikie 90 kamili. Zikiwa nyuzi 89 kwenye ekseli zote nne, injini itateleza kama mafuta. Zikiwa 90 kwenye tatu na 87 kwenye ya nne, itakwama. Shika magurudumu mawili ya ekseli yenye kosa, moja kila mkono, uyazungushe kinyume kwa kiasi kidogo kabisa, ujaribu tena. Usirudie mara nyingi: bushi ya plastiki inayoshika ekseli hulegea, na ekseli itahama tena ikianza kuvuta. Ukishapatia, tone moja la supaglu kwa ncha ya sindano, kisha hakikisha kwa vernia kwamba umbali wa ndani kati ya magurudumu ni milimita 14.5.

Kupanua matundu ya fito ni hatua ya mwisho kabisa. Pini ya milimita 1.5 inatosha kwa tundu la 1.6. Tumia rima ya mkono, kwa sababu keekee huuma chuma chembamba na kukipinda. Wapo wanaopanua hadi injini iache kusita. Itaacha kweli, lakini fito zitapwaya zote na ugonjwa utakuwa umefunikwa tu.

SWALI: Boila ya modeli yangu imepasuka ubavuni baada ya mwaka mmoja. Nilitia punje za risasi ndani na gundi nyeupe ya mbao. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Gundi hiyo ndiyo iliyoipasua. Tindikali iliyomo hula risasi, risasi inageuka unga mweupe, na unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Boila inasukumwa kutoka ndani hadi inaachia. Chokonoa yote uitoe, kisha weka vipande vya bati la risasi vilivyoshikwa kwa gundi ya sehemu mbili. Uzito uelekee katikati ya magurudumu makubwa: injini ikiwekwa juu ya ukingo wa rula, isawazike kati ya ekseli ya pili na ya tatu.

Kwa boila mpya chagua bomba la PVC. Yale mengine ya maji, ya polithini na ya PPR, hayashiki gundi wala rangi.

SWALI: Bomba la moshi la klasi 29 lilikuwa duara au refu bapa? Na makaa ya tenda (behewa la mafuta na maji nyuma ya injini) niyatoe wapi? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Yote mawili ni sahihi. Injini nyingi za EAR zilibadilishiwa baadaye bomba la Giesl, lile jembamba lililorefuka kuelekea nyuma. Chagua mwaka, tafuta picha ya mwaka huo. Makaa usiweke, zilichoma mafuta mazito. Tenda ya 8F haifai, jenga mpya yenye tangi la mafuta.

SWALI: Je, klasi 59, ile Garratt kubwa yenye vitengo viwili vya magurudumu? Nimeunganisha mota mbili kwenye dekoda moja (kifaa cha kielektroniki kinachoongoza mota), zinavutana. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Beyer Peacock wa Manchester walijenga 34, mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima. Ya kweli ina urefu wa karibu mita 31.7, kwa hiyo yako itakaribia nusu mita, na meza ya kugeuzia injini ipangwe mapema.

Kuhusu mota: vitengo viwili vya Garratt vimepeana migongo. Ukiunganisha waya wa rangi moja kwa mwenzake, kimoja kinakwenda mbele na kingine nyuma. Kwenye kitengo kimoja tu, badilishana waya mbili za mota. Jumlisha umeme wa mota zote mbili zikiwa zimekwama, na dekoda iubebe wote. Mwili nao uegemee kitengo kimoja kwa washa (pete ya kukalia, "washer") pana bapa, na kingine kwa washa iliyochongoka juu, ili kiyumbe ubavu kwa ubavu. Washa zote zikiwa bapa, njia ikipinda kidogo tu, gurudumu moja litakuwa hewani.